Kutoa 1HZ na Kuweka 1HD-T au 1HD-FT Kwenye Land Cruiser ya 70

Maswali ni yale yale. "Gari ni ngumu, haijawahi kunilaza njiani, ila ikikutana na mlima inatambaa. Nifunge turbo au nibadilishe injini kabisa? Ipi inaingia bila kukata chesisi? Giaboksi itastahimili?" Kujibu vipande vipande kumenichosha, kwa hiyo yote yako hapa, kuanzia kuchagua injini hadi siku ya kuiwasha. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ameshika spana: umewahi kushusha giaboksi, umewahi kubadilisha klachi, na unajua tofauti ya bolti iliyokazwa na bolti iliyonyongwa. Kama hujafika hapo, fanya kazi hii bega kwa bega na fundi.

Tuanze na suala la turbo. 1HZ, injini ya dizeli ya silinda sita iliyokuja na Land Cruiser yako ya 70, haikutengenezwa kwa ajili ya turbo. Dizeli yake huanza kuwaka kwenye kijichumba kidogo ndani ya silinda hedi kabla moto haujashuka juu ya pistoni, na ukandamizaji wake uko juu ya 22 kwa 1. Ukiisukumia hewa ya turbo, joto hujirundika kwenye vijichumba hivyo na kati ya valvu, na hapo ndipo nyufa za hedi huanzia. Wapo waliofunga turbo ya presha ndogo, wakaendesha kwa adabu, na gari ikadumu. Lakini 1HD-T, iliyotoka mwaka 1990 kwenye Land Cruiser ya 80, ni ndugu wa damu wa 1HZ: ujazo ule ule wa 4,164 cc, pistoni za mm 94, mwendo wa mm 100. Tofauti ni kwamba dizeli inapigwa moja kwa moja juu ya pistoni, ukandamizaji umeshushwa hadi 18.6 kwa 1, na turbo imekuja nayo kutoka kiwandani.

Kwa namba: 1HZ inatoa takribani farasi 130 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 285. 1HD-T iko karibu na farasi 165 na Nm 360. 1HD-FT yenye valvu 24, iliyofuata mwaka 1995, inafika karibu farasi 170 na Nm 380. Kwa dereva, farasi si hoja kubwa. Toki ndiyo inayokufanya upande kwa gia ya nne mahali ulipokuwa unashuka hadi ya pili.

Ipo pia 1HD-FTE, ya 1998, yenye nguvu zaidi. Sijaiingiza humu. Pampu yake inaongozwa na kompyuta, inataka pedali yake, sensa zake na waya zake zote, na hiyo ni kazi nyingine kabisa. Kama hii ndiyo injini yako ya kwanza kubadilisha, iache.

Kuchagua injini

Usinunue injini iliyo uchi. Nairudia kwa sababu hapa ndipo watu wanapounguza fedha: injini yenyewe huingia kwa siku chache, kinachokula wiki ni kutafuta vile vitu vinavyoizunguka. Nunua ikiwa na turbo, manifodi zote mbili, pampu ya dizeli, mabomba ya nozeli, stata, alteneta, pampu ya usukani, feni, bomba la kwanza la ekzosi linalotoka kwenye turbo, na kipande cha waya zake. Bora zaidi ukipata nusu ya mbele ya gari nzima.

Ukienda kuikagua, fanya haya:

- Iwashwe ikiwa baridi. Shika manifodi kwanza. Ikiwa ya moto kabla hujafika, mwenye mali ana jambo anaficha.
- Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke mwepesi si neno. Ikipumua kwa nguvu na kurusha oili, ringi zimekwisha.
- Toa hozi ya hewa kwenye turbo injini ikiwa imezimwa. Shafti ikicheza kidogo sana kushoto na kulia ni kawaida, lakini ikicheza kwenda mbele na nyuma, au mapanga yakiwa yanakwaruza nyumba yake, hesabu gharama ya turbo.
- Soma kibandiko cha stata. Injini nyingi zilizotoka kwenye magari ya soko la Japani ya maeneo ya baridi huwa na stata ya volti 24 wakati gari lako ni la volti 12.
- Uliza kama ilitoka kwenye gari la otomatiki. Kama ndiyo, nyuma ya krenkshafti hutakuta flaiwili bali sahani nyembamba ya chuma, na tundu la beringi ya pailoti huenda likawa tupu.
- Dai karatasi za injini. Namba ya injini italazimika kubadilishwa kwenye kadi ya gari na kwenye bima, na injini isiyo na ushahidi wa ilikotoka itakuletea balaa siku ya ukaguzi.

Na jambo moja ambalo kila mwenye 1HD analijua: beringi za konrodi. 1HD-T zina sifa mbaya ya kula beringi hizi kabla ya wakati, na 1HD-FT sitaiamini bila kuziangalia. Hata ikisikika tamu kama cherehani, bajeti yako iwe na seti mpya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kulegeza bolti ya kwanza

- Winchi ya injini ya tani 1 au zaidi. Injini hii ikiwa imevaa kila kitu inazidi kilo 300, na kumbuka kadiri unavyorefusha mkono wa winchi ndivyo uwezo wake unavyoshuka.
- Stendi nne za chuma, jeki ya giaboksi, mnyororo na bolti zake ngumu za kunyanyulia.
- Spana ya toki. Bila hii usifungue konrodi.
- Kitabu cha ufundi cha injini unayoweka. Vipimo vya kukazia havikisiwi.
- Belti ya taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, themostati, sili ya nyuma na ya mbele ya krenkshafti, gasketi ya sampu, beringi za konrodi.
- Klachi pleti na presha pleti zenye uwezo wa toki mpya, beringi ya klachi, beringi ya pailoti.
- Hozi mpya za rejeta, hozi za dizeli zinazostahimili dizeli (si za petroli ulizozikuta pembeni), klipu bora.
- Raba mpya za injini.
- Geji ya joto la ekzosi na geji ya presha ya turbo. Wengi huziona kama mapambo. Kwa dizeli yenye turbo kwenye gari zito, ya joto la ekzosi naiweka sawa na geji ya maji.
- Ubao mdogo bapa unaoweza kuziba mdomo wa turbo. Utaelewa ukifika hatua ya 11.

Hatua za kazi

1. Piga picha, weka alama, mwaga. Toa nyaya za betri. Piga picha kila kona kabla ya kugusa, kisha funga kitambulisho kwenye kila waya na kila hozi. Mwaga maji, oili ya injini na oili ya giaboksi. Kama gari lina kiyoyozi, gesi itolewe na mwenye mashine yake. Usikate bomba ukaiachia hewani. Ikiwezekana legeza kompresa na kuilaza pembeni bila kufungua mabomba.

2. Safisha njia. Toa boneti, kava ya feni, rejeta, betri na sanduku la hewa. Wapo wanaobakiza rejeta "ili kuokoa muda". Injini ya silinda sita ni ndefu, na ikiyumba mara moja tu rejeta inakuwa chuma chakavu.

3. Toa injini kuukuu. Tegemeza giaboksi kwa jeki kabla ya kufungua bolti zinazoiunganisha na injini. Vuta injini mbele ikiwa imenyooka na giaboksi hadi shafti itoke kabisa kwenye klachi, ndipo uinyanyue. Usiache uzito wa injini uning'inie kwenye shafti ya giaboksi hata dakika moja. Usiingize mkono wala kichwa chini ya mzigo ulioning'inia, hata kwa kuokota bolti.

4. Zisimamishe injini mbili kando kwa kando. Hatua hii usiiharakishe; kaa nayo nusu siku. Kwa kuwa ni ukoo mmoja, tundu za bolti za giaboksi zinalingana na mikono ya raba za injini inahamishika, na ndiyo maana nikakuelekeza kwenye 1HD badala ya injini ya kampuni nyingine. Lakini 1HD yako ilikaa kwenye gari la 80, ambalo chini yake halifanani na 70. Linganisha sampu kwanza. Kimo chake na mahali kilipo kina chake lazima viendane na difu yako ya mbele na upinde wa chesisi. Kwa kawaida utahamisha sampu ya 1HZ.

Ukihamisha sampu, unahamisha vitu vinne, si kimoja: sampu, bomba la kunyonya oili lililo ndani yake, kijiti cha kupimia oili, na mrija wa kijiti hicho. Mtu akichanganya sampu ya gari moja na kijiti cha gari jingine, alama ya "imejaa" inakuwa uongo, na injini inaendeshwa ikiwa na upungufu au ziada ya lita nzima. Kwa bomba la kunyonya, pima umbali kutoka mdomo wake hadi sakafu ya sampu: likigusa, oili haipiti, likiwa juu sana, siku ya kupanda kilima injini itanyonya hewa.

Endelea kulinganisha: mikono ya raba, pampu ya usukani na matundu yake ya hozi, alteneta, mahali hozi za maji zinapotokea, na sensa. Sensa ya joto la maji na ya presha ya oili zitoe kwenye injini kuukuu uzifunge kwenye mpya. Geji za dashibodi yako zimezoea sensa zile, na sensa ya gari lingine inaweza kukuonyesha maji yamepoa huku yanachemka.

Kama pampu ya vakyumu ya gari lako imeshikamana na alteneta, hakikisha alteneta unayoifunga inayo na njia zake za oili ni nzima. Bila vakyumu, pedali ya breki inakuwa jiwe.

5. Fungua chini ya injini. Injini ikiwa bado nje, kwenye stendi, toa sampu na ubadilishe beringi za konrodi moja baada ya nyingine. Kila kifuniko kirudi kwenye konrodi yake na upande wake ule ule. Beringi hizi zina saizi. Soma namba zilizopigwa kwenye konrodi na krenkshafti na uagize kwa namba hizo, usikubali "hii inaingia". Pitisha ukucha juu ya shingo ya krenkshafti. Ukucha ukikwama kwenye mkwaruzo, simama hapo, krenkshafti iende kwa mchongaji. Ukiwa unafungua, angalia pia rangi ya beringi za zamani: kijivu kisichong'aa ni uchakavu wa kawaida, ila ukiona shaba imechungulia, injini hiyo ilikuwa imebakiza kidogo sana.

6. Badilisha vinavyofikika sasa. Sili ya nyuma, belti ya taimingi na tensheni yake, pampu ya maji, themostati. Belti hubadilishwa kila kilomita 100,000, na historia ya injini ya kununua haiaminiki, kwa hiyo anza hesabu upya na uandike kilomita kwenye kifuniko cha belti kwa rangi. Pangilia alama za taimingi, kisha zungusha krenkshafti kwa mkono mizunguko miwili kamili na uzitazame tena.

Themostati lazima iwepo. Ule mtindo wa kuitoa "injini isichemshe" unafanya maji yapite mbio, injini ikae baridi muda mrefu, ringi zichakae, na bado kwenye mlima mrefu itachemsha.

7. Flaiwili na klachi. Flaiwili ya 1HZ mara nyingi inatumika, lakini iweke kwanza kwenye krenkshafti mpya uone bolti zote zinaingia kwa mkono. Ipelekwe ikasuguliwe uso. Kanuni ya kununua klachi: pleti inalingana na meno ya shafti ya giaboksi, presha pleti inalingana na flaiwili. Klachi ya kawaida ya 1HZ itashika wiki chache, kisha itaanza kuteleza kwenye gia ya nne na ya tano ukikanyaga mafuta. Gonga beringi mpya ya pailoti mahali pake sasa. Ukisahau, utashusha giaboksi tena.

Kuhusu giaboksi: H55F iliyo kwenye HZJ75 nyingi, na H151F, zinabeba toki hii bila malalamiko makubwa. Za kundi la R, kama R151F, ni nyepesi zaidi. Zitafanya kazi, ila usiziendeshe kwa hasira.

8. Ingiza injini kwa majaribio. Ishushe bila kukaza lolote, kwa nia ya kutazama tu. Turbo ina nafasi gani kutoka ukuta wa boneti, mabomba ya breki, shafti ya usukani na waya? Unataka angalau upana wa vidole viwili, kwa sababu injini hii huyumba ikikanyagwa. Bomba lolote la breki au hozi ya dizeli iliyo karibu na turbo ihamishwe au iwekewe ngao ya bati. Bomba la kwanza la ekzosi ndilo husumbua zaidi kwenye 70. Likigusa chesisi, weka alama, toa, likatwe na kuchomelewa nje. Usipige chesisi nyundo ili bomba lipite.

9. Unganisha na giaboksi. Pangilia klachi pleti kwa kifaa chake au kipande cha shafti kuukuu. Injini na giaboksi zikutane zikiwa zimenyooka hadi mwanya ufunge wenyewe kwa kusukuma kwa mkono na kuzungusha krenkshafti kidogo kidogo. Mwanya ukikataa kufunga, kuna kitu hakijakaa. Kuvuta kwa bolti ndiko kunakovunja sikio la hauzingi na kupinda pleti. Zikishakutana, kaza bolti za hauzingi kwanza, za raba za injini mwisho, ili injini ijikalie yenyewe.

10. Maji, hewa, ekzosi, dizeli. Hizi hufanywa kwa pamoja kwa kuwa zinagombania nafasi.

Maji: injini inayotoa nguvu zaidi inatoa joto zaidi, na rejeta ya 1HZ iliyoziba nusu haitakusamehe. Isafishwe na kuzibuliwa, au iwekwe yenye safu nyingi zaidi. Kava ya feni irudi, hata kama italazimu kuikata kidogo; feni isiyo na kava inapiga hewa ile ile ya ndani. Jaribu klachi ya feni injini ikiwa ya moto na imezimwa: ikizunguka huru kama pia, silikoni yake imekwisha. Kama turbo ina njia za maji, zifunge zote mbili. Usizizibe.

Hewa: bomba kati ya chujio na turbo liwe gumu. Hozi laini hunyonywa ikajikunja ndani ukikanyaga, na gari linakosa nguvu bila sababu inayoonekana. Kama una mkonga (bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu), hakikisha viungio vyake vyote havivuji, kwa kuwa vumbi linalopita chujio hula mapanga ya turbo kwanza, kisha ringi. Intakula, yaani kipoza hewa ya turbo, iache kwa sasa. 1HD-T na 1HD-FT zilitoka kiwandani bila hiyo, na injini inayofanya kazi sawasawa ndiyo msingi wa kuongeza chochote.

Ekzosi: kuanzia turbo kwenda nyuma, kipenyo cha inchi 2.5 hadi 3, mikunjo michache. Weka kiungo chenye kunyumbulika karibu na turbo, la sivyo manifodi itapasuka kwa mtikisiko.

Oili ya turbo: bomba la kurudisha oili ni lazima literemke moja kwa moja bila kujikunja na bila bonde. Oili hurudi kwa uzito wake tu. Bomba likijikunja, oili itapenya kwenye sili na utaona moshi wa bluu, kisha utalaumu turbo nzima bure.

Dizeli: njia ya kwenda na njia ya kurudi, zote mbili, hozi mpya. Chujio kipya. Kama tangi lina miaka mingi, lisafishwe sasa, kwa sababu pampu hizi ni ghali na uchafu ndio adui yake.

11. Umeme, kisha kuwasha. Hapa pia habari njema: injini hizi ni za kimakanika. Zinahitaji waya wa stata, wa alteneta, wa solenoidi ya kuzimia iliyo kwenye pampu, wa sensa, na wa kupashia moto. Solenoidi ipate umeme swichi ikiwa imefunguliwa na wakati wa kupiga stata pia. Waya nyingi hukata umeme wakati stata inazunguka, na gari linakataa kuwaka. Pima volti ya solenoidi na ya mfumo wa kupashia joto kabla ya kuunganisha. Mfumo wa 1HZ wa plagi za joto haufanani na wa injini mpya, usiuchomeke tu kwa sababu soketi imeingia.

Jaza oili, kama lita 9 hadi 11 kutegemea sampu, ukiongozwa na kijiti. Mimina oili kidogo kwenye mdomo wa oili wa turbo kabla ya kufunga bomba lake. Chomoa solenoidi, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia, hadi taa ya oili izime au geji ipande. Hapo ndipo urudishe solenoidi.

Sukuma pampu ya mkono iliyo juu ya chujio cha dizeli hadi iwe ngumu. Legeza kidogo nati za mabomba ya presha ya juu, piga stata hadi dizeli itoke bila mapovu, kaza. Usiweke kidole mbele ya bomba hilo. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana kama tundu la sindano linahitaji hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa, ule ubao. Mtu mmoja akae nao karibu na mdomo wa turbo, chujio likiwa limetolewa. Dizeli yenye turbo ikivuja oili nyingi ndani inaweza kujiendesha kwa oili hiyo yenyewe, na swichi haitaizima. Dawa ni kuikata hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Ikiwaka, iache iungurume taratibu, usivute mafuta. Tazama oili, tazama uvujaji, sikiliza.

12. Siku za kwanza. Toa hewa kwenye mfumo wa maji gari likiwa limeinuliwa pua, hita ikiwa wazi. Baada ya safari fupi ya kwanza, kaza upya klipu, bolti za ekzosi na raba za injini. Kilomita 500 za mwanzo usivute mzigo. Badilisha oili na chujio ukifika hapo, ukate chujio la zamani uangalie kama lina chembe za chuma. Kabla ya kufurahia mlima, kagua breki: gari linalopanda haraka linafika kwenye mteremko haraka.

Kwenye geji ya joto la ekzosi, ikiwa kihisi kimefungwa kabla ya turbo, mimi siachi sindano ikae juu ya nyuzi 650 kwa muda mrefu. Kupita hapo kidogo wakati wa kuovateki si tatizo. Na usiguse skrubu ya mafuta ya pampu kabla ya kuwa na geji hiyo, hata kama jirani amekuambia "robo mzunguko tu".

Ikigoma

*Stata inazunguka, haiwaki, hakuna moshi kwenye ekzosi.* Dizeli haifiki. Sikiliza mlio mdogo wa solenoidi ukifungua swichi. Ukiukosa, ni umeme. Ukiusikia, bado kuna hewa kwenye mfumo. Rudi kwenye pampu ya mkono na utazame kama hozi ya kunyonya ina ufa.

*Moshi mweupe mwingi ikiwa baridi, unaisha ikipata moto.* Kupasha joto hakufanyi kazi, au taimingi ya pampu imechelewa. Usipoisha hata ikiwa ya moto na maji yanapungua, ni gasketi ya hedi.

*Moshi mweusi na nguvu ndogo.* Hewa haitoshi. Vua klipu moja moja kutoka turbo hadi manifodi. Mara nyingi utakuta hozi imechanika upande wa chini usioonekana. Kagua pia mrija mwembamba unaopeleka presha ya turbo kwenye kifaa cha juu ya pampu ya dizeli. Ukikatika huo, moshi hupungua lakini na nguvu hupotea, gari linarudi kuwa 1HZ.

*Inachemsha mlimani tu, tambarare iko sawa.* Feni, kava ya feni, rejeta, kwa mpangilio huo. Inachemsha popote: hewa iliyonasa, kifuniko cha rejeta, au themostati imefungwa kinyume.

*Taa ya oili inawaka kwenye mteremko au mlima mkali.* Rudi hatua ya 4, kwenye kijiti na bomba la kunyonya. Zima injini kwanza, usiendelee kuendesha ukifikiri ni sensa.

*Mtetemo ambao 1HZ haikuwa nao.* Legeza raba za injini zote, washa injini dakika moja ijikalie, zima, kaza tena. Ukibaki, angalia kama ekzosi inagusa chesisi mahali, kisha bolti za flaiwili.

*Filimbi kali inayopanda na mzunguko.* Filimbi nyembamba ni sauti ya kawaida ya turbo hii. Ikigeuka kuwa king'ora au mlio wa chuma kusaga chuma, zima, toa hozi ya hewa, na uguse shafti kwa kidole.

*Swichi imezimwa, injini bado inaunguruma.* Solenoidi imekwama au inapata umeme wa kurudi kutoka kwenye alteneta. Weka gia ya tano, kanyaga breki kwa nguvu, achia klachi taratibu hadi izimike. Kisha chomoa waya wa solenoidi na upime kama bado una volti swichi ikiwa imefungwa. Ukiwa nazo, waya wa taa ya chaji umeunganishwa pamoja na wa solenoidi, utenganishe.